Doa la Begani

Nyumba hazina doa.
Nimepiga roshani za Kibokoni,
nimepiga ukuta wa ghala kule Makupa,
nguo zilizoanikwa, paka juu ya bati:
safi zote, misumari waihesabu.
Ila akija mtu, akakaa kitini,
begani mwake huanguka doa jeupe,
laini, kama unga uliomwagika ukapulizwa.

Kamera ni ya marehemu Taherali wa Bondeni.
Mjane wake aliniuzia kwa bei ya friji mbovu:
sanduku la mti, shaba, mvukuto wa ngozi,
na harufu ya karafuu za kufukuzia mende.
"Mende walibaki," akanambia. "Aliyeondoka ni yeye."

Nikaanza na lenzi, maana mji huu
huotesha ukungu hata kwenye miwani ya aliyelala.
Ulikuwapo, nyuzi nyuzi. Nikaupangusa kwa spiriti.
Doa likabaki.
Nikashuku dawa: maji ya bomba hapa ni uji wa moto.
Nikanunua barafu kwa muuza samaki.
Doa likabaki, likinuka changu.
Nikashuku makasha ya filamu, nikayachora namba kwa msumari,
moja hadi sita. Yote sita yakalileta.
Nikaugeuza mgongo wa kamera ubavu.
Lingezunguka na filamu, ningelaumu kasha.
Halikuzunguka. Likasimama pale pale
kama mdai mlangoni.
Basi mwizi yumo ndani ya nyumba.

Bi Mwanakombo, fundi cherehani wa chini,
alipoiona picha yake hakukasirika.
"Hiyo ni nuru. Nyumba hazina, watu tunayo.
Wewe wasumbuka na nini?"
Jibu lake lilikuwa zuri kuliko langu,
nami langu sikuwa nalo.

Usiku umeme ulipokatika
(giza la bure, sikulilipia)
nilitia tochi tumboni mwa kamera,
nikafunika kioo kwa blanketi,
nikauzunguka mvukuto macho kodo.
Hakuna kitu. Ngozi nzima.
Nilikaribia kuiamini nuru.
Ndipo mkono ukateleza kwenye reli,
mvukuto ukanyooka mpaka mwisho
kama niuvutavyo mtu akiwa karibu,
na juu, kwenye mkunjo wa nne,
kikawaka kitundu, punje ya mtama.

Nyumba ziko mbali: mvukuto hujikunja,
mikunjo hulaliana, tundu hufumba.
Mtu yu karibu: mvukuto hunyooka,
jua hupenya kwa juu, likashukia chini ya filamu,
na chini ya filamu, picha ikisimama kwa kichwa,
ndiko yaliko mabega ya watu.
Meno ya mende. Alifuata gundi, akatoboa ngozi.

Asubuhi nikarudi kwa mjane.
Akanitolea bahasha ya picha za wateja wa zamani,
na mabega yao hayana kitu.
Nikaziinamisha dirishani, mwanga ukateleza,
na kila bega likang'aa kwa wino:
brashi ya unywele mmoja, kivuli juu ya kivuli,
bibi harusi, karani wa bandari, mtoto wa arubaini.
Alijua. Miaka yote hiyo alijua,
akapaka, asizibe.
Na Chengo, fundi viatu wa Mwembe Kuku,
angeziba kwa shilingi kumi.
Nikauliza kwa nini. Mjane akamimina chai.
"Angefanya nini jioni?"

Nimeziba. Kipande cha ulimi wa kiatu,
gundi, rangi nyeusi.
Leo Bi Mwanakombo kamleta bintiye apigwe.
Kabla hajakaa kaniuliza,
kwa sauti ya mtu aulizaye chumvi ya mchuzi:
"Na ile yetu itatoka?"

Niko chini ya kitambaa cheusi.
Kiooni msichana ananing'inia kwa miguu kama popo,
anacheka.
Kidole changu kiko kwenye mkunjo wa nne,
kinapapasa kiraka.
Gundi haijakauka.